Yaya Masika, Daftari Yako ya Bagonjwa Imefunguka

Yaya,

Dada yangu, ninakuandikia nikiwa Butembo, ndani ya bureau ya centre de santé, kituo chetu cha afya, mulango nimeufunga na ufunguo. Usinicheke. Ulizoea kunicheka nikigusa mashine ya kompyuta kama vile itaniuma.

Majuma matano yamepita tangu tulipopata habari ya kifo chako kwenye fonie, ile redio ya kuongelea ya paroisse. Sikuweza kuja Beni, kwako Bungulu, kukuzika, njia ilikuwa imefungwa. Mama haongei sana siku hizi. Bwana yako Paluku alifika huku kwa miguu, na katikati ya mufuko wa maharagwe alikuwa ameficha diskete tatu, ile CD uliyotoka nayo Kampala, na kaye yako ya mistari, ile uliyokuwa unaandika kwa mukono. "Alisema nikupatie wewe, Kavira," akaniambia. Mashine ya Beni yenyewe basoda benye bunduki baliibeba, pamoja na meza yake.

Nilivipokea nikaviweka chini ya kitanda. Niliogopa kuona mwandiko wako.

Kisha juma hili akaja Mama Soki. Unamujua, wa Mulekera kule Beni, anauza mawese, mugonjwa wako wa kifua kikuu. Alikimbia na binti yake, na carte yake ya dawa ikabaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Kakule, infirmier anayeuguza bagonjwa hapa, alimuuliza amekunywa dawa miezi mingapi.

"Mingi, baba. Masika ndiye alikuwa ananihesabia."

Kakule akanieleza pembeni. Dawa tulizo nazo ni chache. Akimuanzisha upya bila sababu, atachukua za mugonjwa mwingine. Akikisia na kumukatisha mapema, ugonjwa utarudi na nguvu ambayo hatuna la kuifanyia. "Dada yako aliweka yote ndani ya mashine," akasema. "Basi donc, toa."

Toa. Kama kutoa maji kwenye ndoo.

Mashine tuliyo nayo hapa ni ile ya zamani tuliyopewa na masista. Programu yako ya kufungua daftari ya bagonjwa haikuwemo. Ilikuwa kwenye diskete pamoja na daftari yenyewe, vipande vipande, jinsi ulivyoiandika. Hata ile programu nyingine inayosoma maagizo na kuviunganisha vipande, ile uliyoiita fundi, haikuwemo. Ilibidi nimujenge fundi kwanza, kutoka maandishi yake yaliyo kwenye CD, ndipo naye ajenge ya kwako. Nilikuona ukifanya kazi hiyo mara moja, likizo ile ya Pasaka, lakini mimi nilikuwa ninasonga bugali na sikufuata vizuri.

Groupe, jenereta yetu, inawashwa kwa masaa mawili tu asubuhi, kwa ajili ya microscope ya kupimia makohozi. Siku ya kwanza niliandika maneno ya ukurasa wa kwanza wa kaye yako, moja moja. Mashine ikajaza mistari mingi, kisha ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kakule alikuwa anapita mulangoni kila mara. Nikakumbuka ulivyokuwa unaniambia: "Soma kosa la kwanza tu, mengine ni makelele." Nikapanda juu mpaka nikalipata. Lilisema faili iliyotengenezwa sasa hivi ni ya zamani kuliko zile za CD, niangalie saa ya mashine.

Nikaangalia. Mashine iliamini tuko mwaka wa themanini. Batri yake ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo kila groupe ikizimwa, inasahau siku. Mwaka ule, Yaya, ulikuwa unanibeba mugongoni. Nilikaa nikiangalia ile tarehe, na groupe ikazima.

Muchana huo ikasemekana basoda banapanda kutoka Kanyabayonga. Majirani bakaanza kufunga mizigo. Sikula. Nilikuwa ninafikiri kwamba bakifika, mashine hii nayo itaenda, na Mama Soki atabaki anakohoa mbele yangu bila jibu.

Asubuhi ya pili nilianza na tarehe, nikaichukua kwenye saa ya mukono ya Kakule. Fundi akajengeka. Nilipomuita kwa jina akaitika, machozi yakanitoka. Lakini diskete ya tatu haikusomeka kabisa, na ndiyo iliyokuwa na ukurasa wa maagizo anayosoma fundi. Ulikuwa umeunakili ndani ya kaye, namushukuru Mungu. Nikauandika upya kwa kidole kimoja. Fundi akakataa musitari wa nne.

Nikalinganisha herufi kwa herufi. Zote sawa. Mwanzoni mwa mistari fulani ulikuwa umechora mishale midogo, na mimi niliiruka. Nilidhani ni michoro tu, kama ile uliyokuwa unachora wakati wa mahubiri.

Zilibaki kama dakika kumi groupe izimwe. Kakule akainama juu ya bega langu.

"Na mishale hii ni ya nini?"

"Ni mapambo."

"Masika hakuwa mutu wa kupoteza wino kazini."

Nikaangalia clavier, ule ubao wa vitufe. Mishale iko imechorwa pale, kwenye kitufe cha kushoto, kile kinachosukuma musitari ndani. Mimi nilikuwa nimeweka nafasi za kawaida. Nikazifuta, nikabonyeza kitufe kile kila palipo na mushale, nikamuita fundi tena.

Vipande vyako vyote vikapita, kimoja nyuma ya kingine. Daftari ikafunguka. Mama Soki: mwezi wa tano kati ya minane. Kakule aliandika kwenye kiganja chake, hakungoja karatasi. Pengo lake halijapita kiasi, amesema, ataendelea pale alipoachia na siku alizokosa ataongezewa mwishoni. Alimeza vidonge vyake palepale, amesimama, binti yake ameshika kikombe.

Kisha nikashuka mpaka siku yako ya mwisho. Majina sita ya baliokunywa dawa. Ni siku ileile uliyoniambia kwenye fonie kwamba una mafua tu. Paluku amenieleza kwamba malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani, hukuweza hata kusimama, ukaomba basogeze meza ya mashine karibu na kitanda. Nimekukasirikia tangu jana, Yaya. Ulipaswa kuniambia. Ningefanya nini, sijui, njia ilikuwa imefungwa. Lakini ulipaswa.

Basoda habajafika. Labda balirudi, labda ni kesho. Nimenakili daftari yako mara tatu: diskete moja iko kwa Kakule, moja kwa masista, moja nimeishona ndani ya pindo la kikwembe, kitenge ninachojifunga. Ninapotembea ninaisikia ikinigonga muguu.

Njia ikifunguka nitakuja Bungulu kwanza kwako, halafu nitapita Mulekera kutafuta bale batano bengine, nyumba kwa nyumba. Jina la sita ni la Mama Soki. Kesho asubuhi groupe ikiwaka nitarekebisha saa, kisha nitaandika kwamba amekunywa dawa.

Pumzika, Yaya yangu. Ulichoacha, nimekishika.

Mudogo wako,
Kavira