Nilikuwa Peke Yangu Mahindini

Kitale,
Jumapili jioni.

Mpendwa Baba Nasimiyu,

Natumai wewe u mzima, na mama pia, ule mguu wake ukiwa umepunguza kumsumbua. Nasimiyu bado anakohoa asubuhi? Ng'ombe amezaa? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio sijui niuseme vipi, kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua, kama ninavyoandika shajara yangu, nisiruke kitu.

Jumatano ulinipigia ukauliza, "Huyo mwanaume wa mahindini ni nani?" Kabla sijavuta pumzi ukakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Halafu shemeji Wekesa akanitumia ujumbe kwamba wazee watakaa kwetu Jumamosi, na nifike bila kukosa. Ndiyo sababu naandika. Katika chumba hiki tunalala wanawake wanne, na mmoja wao ni Rispa, jirani yetu wa hapo Chwele, ambaye ndiye aliyekuletea maneno hayo alipokuja nyumbani mwisho wa wiki, kabla hujanipigia. Siwezi kukueleza kwa simu huku amekaa kitandani kando yangu. Barua hii nitampa dereva wa pikapu ya vitunguu akuwekee mkononi.

Kazi yetu unaijua kidogo tu. Shamba hili ni la mbegu. Mahindi yamepandwa mistari ya mama na mistari ya baba. Sisi tunang'oa mbelewele, yale maua ya kileleni, kwenye mistari ya mama peke yake, kabla hayajamwaga chavua. Mistari ya baba haiguswi, na hakuna mfanyakazi mwenye shughuli ndani yake. Anayeonekana humo lazima aulizwe anatafuta nini. Nami nilichagua humo humo kwenda kuomba.

Saa ya chakula wenzangu hukaa kwenye banda la trekta. Wakimaliza githeri huimba na kuomba kwa sauti, wote pamoja. Nilikaa nao muda mrefu. Kila mara mmoja alinishika kichwa na kupaza sauti, "Mungu, mpe mwingine! Mpe hata mapacha!" Nami naitika amina. Unajua walimaanisha mwingine badala ya nani. Ni yule mtoto wetu ambaye mimi na wewe hatujamtaja tangu tumzike. Kanisani ni vilevile, ngoma na kipaza sauti. Nikirudi chumbani, redio. Nikaona kwamba naomba kila siku na bado sijamwambia Mungu neno langu mwenyewe hata moja. Nikakumbuka kwamba hata Bwana aliwaacha watu, wagonjwa wakiwa bado wanamtafuta, akaenda mahali pasipo na mtu. Nikatafuta mahali.

Nilitandika gunia katikati ya mistari ya baba, nikapiga magoti. Siku za kwanza sikusema kitu, nililia tu. Baadaye nikalitaja jina la mtoto. Baadaye tena nikamwambia Mungu kwamba nimekukasirikia wewe, kwa sababu kesho yake baada ya mazishi ulishika jembe ukaenda kwenye tumbaku kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia pia kwamba nakupenda na sijui nianzie wapi kukwambia. Baba Nasimiyu, mambo kama hayo mtu hawezi kuyaomba kwenye banda la trekta.

Wenzangu walianza na utani. "Mama Nasimiyu amechoka na mistari ya mama, siku hizi anashinda kwa baba!" Tulicheka wote, hata mimi. Kisha siku moja nimefumba macho nikasikia majani yakikatika. Msimamizi wetu, Rispa na wanawake wengine wawili walikuwa wamesimama juu yangu.

"Toka na mwenzako," msimamizi akasema.

"Niko peke yangu. Naomba."

"Ati kuomba!" Rispa akacheka. "Mungu ako huku ndani? Si wenzako wanaomba pale kwa banda? Mbona wewe unajificha?"

"Nataka kukaa kimya kidogo."

"Wewe bana! Mtu mzima hajifichi bure."

Wakapekua mistari mpaka ukingo wa mto. Hawakupata mtu wala nyayo. Nikadhani yamekwisha. Rispa akatazama mto akasema, "Ameshavuka." Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hapo niliona kwamba kutompata mwanaume ndiko kumekuwa ushahidi kwamba yuko. Msimamizi akaniambia nikionekana tena humo sina kazi. Kama ni kuomba, niombe bandani anaponiona.

Nimetii. Shamba si langu.

Sasa Jumamosi wazee wataniuliza shahidi wangu ni nani. Sina. Mchungaji wa hapa amejitolea kuja kusema kwamba yeye ndiye aliyenituma nikaombe kule. Anataka kunisaidia, lakini hakunituma, wala hakujua. Nimemkatalia. Nilifikiria pia nikwambie uje kwa siri, ujibanze mahali ujionee. Lakini nikipiga magoti nikijua unanichungulia, nitakuwa naomba ili unione, na hicho ndicho nilichokikimbia bandani. Basi sitaleta mtu. Nitasimama niseme nilikuwa peke yangu, kisha ninyamaze. Wakikwambia unirudishe kwa wazazi wangu Tongaren, nawe ukikubali, nitakwenda. Ila sitasema kwamba nilikosa kwa kukaa na Mungu bila watu, hata kama neno hilo moja lingemaliza kikao.

Nina ombi kwako. Ile ghala ndogo nyuma ya jiko haina mahindi tena, ni majembe mabovu tu na magunia. Kama unaniamini, toa vitu, fagia, na utie komeo mlangoni. Nikiwa nyumbani, iwe mahali pangu kwa saa moja, mtu asinigongee. Na siku utakayotaka kumlilia mtoto, itakuwa yako. Mimi nitakaa nje nizuie watu.

Nisalimie mama, umwambie nimempatia dawa ya kuchua mguu. Nasimiyu binti yangu umwambie asome, na asiulizwe habari za mama yake na mtu yeyote. Shemeji Wekesa, aliyeitisha kikao, msalimie pia. Asitume mtu kunichukua. Nitakuja mwenyewe.

Nikifika Jumamosi sitaanzia sebuleni kwa wazee. Nitapita kwanza nyuma ya jiko.

Mkeo,
Mama Nasimiyu