Mwenye Jiwe Ndiye Anaanza Kula

Mama yangu mpendwa,

Usicheke mwandiko. Kisomo cha watu wazima nilikiacha katikati kwa sababu mwalimu alikuwa ananibishia, lakini herufi nilizochukua zinatosha. Nakuandikia wewe uliye kaburini kwa kuwa walio hai nimeshawasimulia mpaka wamechoka.

Nimeleta mashine ya kusaga. Mimi, mwanao! Siku hizi ni ruksa mtu kuwa na chake, ila hapa Kasekese nani mwingine amethubutu? Ng'ombe wote nimeuza. Watoto wakalia, nikawaambia nyie lieni tu. Ikaja na treni mpaka Mpanda, ikapanda lori, na mimi juu yake nimeishikilia kama bibi harusi.

Fundi alipoifungua nikachungulia ndani. Mama, nilivua kofia. Nilidhani nitaona machuma matupu, kumbe mna mawe mawili. Mawe kabisa, yamechongwa meno kama lile lako. Watu wenye akili wamekaa huko viwandani wakafikiri, wakafikiri, wakarudi pale pale ulipokuwa umepiga magoti.

Nikakuona. Unasaga ulezi wa watu, wanakulipa kibakuli cha unga, na mimi nimefungwa mgongoni, kichwa kinakwenda mbele na nyuma pamoja na jiwe. Nafikiri biashara iliniingia hapo, kabla sijajua kusema. Majirani walikuwa na mawe yao kwao, lakini walikuja uani kwetu wakasubiri zamu.

Unakumbuka siku za kulichonga jiwe upya? Unga wa kwanza ulijaa chenga za jiwe. Huo hukumpa mtu, ulitupikia sisi. Nikakuuliza, "Mbona tunakula mchanga?" Ukasema, "Mwenye jiwe ndiye anaanza kula." Basi nikaenda kutamba kwa wenzangu kwamba sisi ni wakubwa, tunaanza kula! Wakanionea wivu, wakaomba waje. Nilishaota ndevu ndipo nikaelewa ulichosema, na tangu hapo sikutaka tena kazi ya mtu. Nilitaka jiwe langu.

Sasa sikia. Mashine ikanguruma, kuku wakakimbilia porini, watu wakajaa kutazama, na ndoo zao za nafaka. Nikamimina debe la mahindi yangu, likaisha kabla kiko changu hakijazima. Debe zima, mama! Kazi yako ya kutwa, na magoti yako. Nikasimama mdomo wazi, mimi ambaye sishangai kitu.

Lakini hakuna mwingine aliyemimina. Mama Yohana, jirani yangu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akachota unga, akanusa harufu ya dizeli.

"Mzee, huu ni wa ugali au wa kuwashia taa?"

Wakacheka. Wakaanza kujitwika ndoo zao waondoke. Nikaona ng'ombe wangu wote wanaondoka mara ya pili.

Fundi akaninong'oneza, "Mzee, huu wa kwanza huwa tunamwaga. Una chenga."

"Hamwagi mtu hapa," nikamwambia.

Nikamwita mke wangu, akasonga ugali hapo hapo uani. Nikakaa chini mbele yao wote. Mboga nikakataa. Nikala. Chenga zikalia menoni, krr, krr.

Ladha ile ile, mama. Ile ile kabisa.

"Mzee, unalia?" Mama Yohana akauliza.

"Moshi wa mashine huo."

Nikamaliza, nikalamba vidole. "Mwenye jiwe ameshakula," nikasema. "Leteni."

Wakatazamana. Mama Yohana akaishusha ndoo yake kichwani. "Haya, saga. Ila nikikuta mchanga, nakuja kukumwagia wewe." Na wengine nyuma yake, mpaka foleni ikafika barabarani.

Jiwe lako nimeliweka mlangoni mwa mashine. Wanawake wanaegemeza ndoo zao hapo wakisubiri zamu, kama zamani uani kwetu. Hawajui ni la nani, na kwa mara moja katika maisha yangu nimenyamaza, sijawaambia.

Basi nyoosha magoti, mama. Zamu yako imeshikwa.

Ni mimi mwanao mbishi, mwenye jiwe.