Kaka Waliyemwita Hawara

Mpendwa Bi Averil,

Naomba msaada wako, na kama msaada huna basi nitukane tu, maana nyumbani kwangu hakuna anayenitukana na ndicho ninachostahili. Nina miaka hamsini na minane, nimekaa kaunta ya mafao ya halmashauri hapa Askerdale miaka ishirini na miwili, na mpaka mwaka huu nilikuwa nalala vizuri. Machi wapelelezi wa serikali kuu walihamia ghorofa ya juu ya jengo letu ili sisi na wao tuwakamate pamoja wanaodanganya kupata mafao, sisi tutoe majina na kumbukumbu, wao wafuatilie, na mkuu wangu, nitamwita Royston Fenn, alitununulia keki siku hiyo akasimama juu ya kiti akasema, "Kuanzia leo ni timu moja. Mwizi wao ni mwizi wetu!" Tukapiga makofi, na mimi nilipiga.

Kazi niliyopewa ilikuwa kutoa orodha ya wanawake walioandikisha kwamba wanaishi peke yao, na hivyo kupata mafao zaidi, lakini jina la mwanamume limeonekana kwenye anwani hiyohiyo, iwe kwenye daftari la wapiga kura, iwe kwenye kibali cha kuegesha gari, na katika wale wote nikatia alama majina sita niliyoona yananuka, moja likiwa la Delphine Rudge, mjane, mpishi wa shule ya msingi, na la mwanamume lilikuwa Lionel Tasker. Hakuna aliyeuliza Lionel ni nani. Walituma kijana na kamera akakaa garini siku tisa mbele ya nyumba, akampiga picha huyo Lionel akitoa pipa la taka, akiwa na nguo za kulalia, akianika nguo uani, na Fenn akazipitisha picha mezani akisema, "Mwanamume gani anaanika chupi za mwanamke asiyelala naye?" Tulicheka sana Bi Averil, na sitakudanganya, mimi nilicheka kuliko wote.

Msaada wa kodi ya nyumba wa Delphine ukasimamishwa na akaandikiwa barua ya kuitwa kwenye mahojiano rasmi, yale ya kupewa onyo kwanza na kurekodiwa kila neno. Siku ya pili yake alikuja kaunta, koti linachuruzika maji ya mvua, hakuketi.

"Lionel ni kaka yangu," aliniambia. "Baba mmoja, mama mmoja. Tasker ni jina langu la kuzaliwa. Alipata kiharusi, mkono wa kulia umekufa, nikamchukua. Na niliwaandikia. Nilikupa barua wewe, hapahapa, Oktoba, ukagonga muhuri ukaniambia, 'Haya mpenzi, nimeshakuwekea.'"

Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kwamba siruhusiwi kuzungumzia uchunguzi unaoendelea.

"Sikuulizi uchunguzi. Nakuuliza wewe. Hunikumbuki?"

"Nahudumia watu wengi, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

Hapa kwetu kila mtu humwita mwenzake mpenzi, hata anayekuandikia faini ya gari, lakini siku ile sikulirudia tena, na saa ya chakula sikula, nilishuka kwenye chumba cha kumbukumbu nikatafuta, na nikaipata, Bi Averil, barua yake ya tarehe kumi na moja Oktoba, mwandiko mzuri kabisa, inaeleza kaka ni nani, ugonjwa gani, amehamia lini, imewekwa kwenye faili la mzee mmoja anayeitwa Osbert Rudge wa mtaa wa nyuma, na juu yake kuna muhuri wa mapokezi na herufi za jina langu kwa mkono wangu. Nikazichukua na zile picha nikaziangalia upya. Kila picha mkono wa kulia umening'inia tu. Anaanika shuka kwa mkono mmoja, kona nyingine ameishika kwa meno. Sisi tulikuwa tumezitazama mara ngapi?

Nilimpelekea Fenn siku hiyohiyo, tarehe nne. Aliisoma mara mbili akafunga mlango.

"Umeipata wapi hii?"

"Kwenye faili la Rudge mwingine."

"Hapana. Hukuipata. Irudishe ilipokuwa."

"Royston, huyu mama alisema kweli. Alisema kabla hajaulizwa."

"Hii ndiyo kesi yetu ya kwanza pamoja na wale wa juu. Mwenyekiti wa halmashauri anataka kuitangaza gazetini. Unataka niwaambie wageni kwamba ushahidi tumekaa nao wenyewe tangu Oktoba?" Kisha akaigusa karatasi kwa kidole. "Na hizi herufi hapa chini si zangu. Ni zako. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

Miaka mitatu. Mume wangu Desmond nilipomwambia alisema, "Kaa kimya, mpenzi. Kama hana hatia watamwachia wenyewe, wana mawakili kule." Yeye kiwandani wamempunguzia siku, simlaumu, anaogopa. Nami nikakaa kimya, barua nimeiweka kwenye mkoba wangu wa kazini chini ya kitambaa, naipeleka ofisini na kuirudisha nyumbani kama mgonjwa ninayemuuguza.

Sasa Jumanne iliyopita ukumbi umejaa, foleni mpaka mlangoni, nikasikia mtu anapaza sauti, "Kaunta namba tatu!" Alikuwa Delphine. "Mmempata mwizi wenu! Yuko hospitali, wodi ya wagonjwa wa kiharusi, kitanda cha dirishani. Nendeni mkampige picha!" Kumbe Lionel alipoelewa kwamba yeye ndiye sababu, alifunga mkoba, akaacha karatasi mezani, "Sasa unaishi peke yako kweli, waambie," tarehe sita akapanda basi kwenda mji wa jirani asikomjua mtu. Walimkuta siku mbili baadaye kwenye kituo cha mabasi, ameanguka, dawa zake ameziacha kabatini. Delphine alisema hayo yote mbele ya watu akiwa amenitazama mimi tu, mlinzi akamshika mkono kumtoa, naye akamwambia, "Toa mkono wako, najua mlango uliko." Shuleni nako wamempumzisha mpaka kesi iishe, maana wazazi wamesema hawataki mwizi awapikie watoto.

Mahojiano ni Alhamisi hii tarehe kumi na nane. Nina hasira na Fenn nikimwona anakunywa chai, nina hasira na wale wa juu na kamera yao, lakini usiku ninaye mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Nikisema, napoteza kazi na pengine pensheni. Nisiposema, sijui. Nifanye nini?

Mama wa Kaunta Namba Tatu

*

AVERIL ANAJIBU

Barua yako nimeipata leo Jumanne na gazeti hutoka Ijumaa, kwa hiyo nakutumia jibu hili sasa hivi kwa barua pepe, litachapwa baadaye. Alhamisi haitatungoja.

Umeomba nikutukane. Sitakutukana, kwa sababu naona ungefurahi, ungelia kidogo, kisha ungejiona umeshalipa. Hujalipa. Nimehesabu kwenye kalenda yangu ya jikoni: tangu tarehe nne ulikuwa na barua hiyo mkononi, na Lionel Tasker alipanda basi lile barua ikiwa tayari kwenye mkoba wako. Kuiweka faili lisilo lake lilikuwa kosa la mkono, siku ya kazi nyingi, majina yamefanana. Yeyote angeweza kulifanya na yeyote angesamehewa. Kuibeba asubuhi na jioni huku unajua ni nini, hilo ulilifanya kwa akili zako timamu. Usiyachanganye hayo mawili, na usimruhusu Fenn akuchanganyie. Yeye anakutisha na lile dogo ili umsaidie kuficha kubwa lake.

Pole nakupa, kwa jambo moja. Najua ofisi hizo. Nilifanya kazi ya namna hiyo kabla ya kuandika magazetini, na najua keki ya ofisini ina nguvu gani, na ni vigumu kiasi gani kutocheka meza nzima inapocheka. Lakini hebu sikiliza unachokieleza. Halmashauri na serikali wameungana, vizuri, na mimi nasema wadanganyifu wapo na washikwe. Wameunganisha majina, vibali vya magari, kamera, mpaka kiti cha kusimamia. Shaka ikapanda ngazi kutoka kwenu kwenda juu siku hiyohiyo. Barua ya kumsafisha mtu ikashindwa kupanda ngazi hizohizo! Huo ushirikiano wa namna gani? Na huyo Fenn anawaita wenzake "wageni" wakati wa aibu na "timu moja" wakati wa keki.

Mumeo anasema wataiona wenyewe. Wataionaje, iko kwenye mkoba wako?

Sasa fanya haya. Leo, si kesho, toa nakala tatu za barua, pande zote mbili, muhuri uonekane. Andika maelezo yako ukurasa mmoja: uliipokea lini, uliikuta wapi, ulimwonyesha nani, alisema nini, na tarehe. Andika kosa lako wewe mwenyewe mstari wa kwanza, kabla mtu mwingine hajaliandika. Nakala moja kwa ofisi ya sheria ya halmashauri, wakusainie kwamba wameipokea. Moja kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na umwambie aje nawe. Ile halisi ipande ngazi mkononi mwako mpaka kwa mpelelezi anayeshika kesi, mpe yeye mwenyewe. Asimamaye kwa serikali katika kazi hiyo anatakiwa kufuata kinachomsafisha mtu kama anavyofuata kinachomtia hatiani. Kama hajui, mkumbushe.

Usiende nyumbani kwa Delphine na maua. Hajakualika.

*

Tulimwomba msomaji wetu aandike tena. Hii ilifika wiki iliyofuata.

Bi Averil,

Jumatano asubuhi nilipanda. Anayeshika kesi ni mwanamke wa makamo, Bi Imelda Strake, ambaye mimi nilikuwa nimemsalimia kwenye lifti miezi mitano bila kujua jina lake. Niliweka karatasi mezani. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Kijana wangu alikaa pale siku tisa," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Kwa nini hakuna aliyeniambia ni kaka yake?"

"Hukutuuliza. Na sisi hatukuangalia."

"Mkuu wako ameiona hii?"

"Ameiona."

"Lini?"

"Tarehe nne."

Aliitafuta tarehe hiyo kwenye maelezo yangu. Uso ulimbadilika rangi, nikadhani atanigeukia mimi, lakini alifungua mlango akamwita Fenn kwa jina, kwa sauti ya watu wote kusikia, na Fenn alipokuja anatabasamu akamwambia, "Royston, kesho nilikuwa nimhoji mama asiye na kosa, na wewe ulikuwa unajua. Keti." Mlango ukafungwa, nikamsikia tu Bi Strake kupitia ukutani, hakuwa anazungumza kwa upole.

Alhamisi Delphine alikuja na wakili wa bure wa kituo cha ushauri, akiwa amevaa nguo ya kanisani. Hawakumhoji. Bi Strake alimsomea kwamba kesi imefutwa, malipo yanarudi yote tangu siku yaliposimama, na barua itakwenda shuleni siku hiyohiyo, akamwomba radhi. Kisha akamweleza nani aliileta barua. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini.

Delphine alinijia. "Ni wewe uliyetia alama jina langu?"

Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia. Ningeweza kusema orodha hutoka kwenye kompyuta.

"Ni mimi," nikasema.

"Nilidhani hivyo." Akafunga vifungo vya koti taratibu, kimoja kimoja. "Kaka yangu sasa hawezi kusema. Ananiandikia kwa mkono wa kushoto. Jana aliandika, 'Nirudi nyumbani au bado wanatazama?' Nenda ukamjibu wewe."

Nilikwenda, Bi Averil, jioni ileile. Nilimwambia hakuna anayetazama, arudi kwao. Nilimwambia na kosa ni la nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuzia uso dirishani, na nikaelewa niondoke.

Fenn amesimamishwa. Na mimi pia nimesimamishwa. Jana mkurugenzi wa halmashauri aliniita akasema kwa upole sana kwamba nikijiuzulu mwenyewe kimyakimya, pensheni haitaguswa na habari itaishia hapo. Ana karatasi tayari, anataka sahihi Jumatatu. Desmond anasema nisaini. Wewe unasemaje?

*

AVERIL ANAJIBU

Nasema karatasi iliyo tayari kabla hujahojiwa haikuandikwa kwa faida yako. Anachotaka kukizika mkurugenzi ni yaliyotokea kuanzia Oktoba mpaka leo, na wewe ndiye shahidi wa pekee mwenye muhuri.

Usisaini kitu Jumatatu bila mwakilishi wako kukisoma. Kwa barua uliyoipoteza, pokea onyo, umelistahili. Kwa siku ulizonyamaza, pokea adhabu, umeistahili zaidi, na usilie mbele yao. Mwambie Desmond aje kwenye kikao akae kando yako badala ya kuogopa akiwa nyumbani.

Lakini usijiuzulu. Wakitaka kukufukuza, wakufukuze kwa maandishi, waeleze sababu kwamba ulimpelekea mpelelezi barua ya kweli kinyume cha amri ya mkuu wako. Kisha waulize nani kati yao atatia sahihi hapo chini.