Kichaka Kilichofyekwa Nusu

Tuwan, Jumamosi jioni

Ee Mungu unayenivumilia, pokea salamu za mtumishi wako.

Wageni wa ibada ya nyumbani walikuwa waje kutoka Kanduyi, nami nikaona aibu wakute kichaka kile cha maua ya rangi ya chungwa chini ya dirisha. Nilikuwa nimekifyeka nusu, nikijisifu kwa usafi, mke wangu aliponiita. Tangu avunjike mguu, hushinda dirishani hapo.

"Baba Nekesa, si hao ndege chozi wanaonyonya maua ndio wageni wangu wa kila siku? Umewafukuza!"

Miaka yote nimefundisha habari za uumbaji, wala sikuwahi kumuuliza anatazama nini.

Wageni walipofika, mama mmoja alikitazama kichaka akasema, "Mzee, kinyozi wako alitoroka?"

Nilihofu ndege hawatarudi. Katika sala ya kufunga nilifumbua jicho moja, kosa ninalowakemea vijana kila Jumapili, nikamwona chozi ameng'ang'ania ua lililosalia. Nikamgeukia Mama Nekesa. Yeye alikuwa amefumbua yote mawili, anatabasamu.

Bwana ambariki asomaye haya pamoja na nyumba yake, amjalie macho mepesi kuliko yangu.