Changu wa Mwamba wa Karibu

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Ufukweni Msasani tangu alfajiri, rula ya shule mkononi. Nimepima samaki aina ya changu ishirini na mmoja wa shemeji yangu Kombo, kaka wa mke wangu, mtega madema, ile mitego ya kusukwa kwa fito. Kumi na tisa hawafiki urefu wa rula. Watoto watupu. Wavuvi wananiita Karani wa Changu. Waniite wapendavyo. Vitabu vya samaki nimevisoma, wao hawajavisoma.

Barua yangu kwa Bwana Samaki, Mzungu wa serikali anayesimamia uvuvi, imejibiwa. Baraza ni Jumatano ya tarehe 19. Ana nia ya kupiga marufuku madema kwenye mwamba wa karibu. Nimefurahi. Sioni haya kuandika hivyo.

Alhamisi, 6 Septemba

Kombo alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisema ngalawa yake ni ndogo, haifiki mwamba wa nje ila siku bahari imetulia. Akizuiwa mwamba wa karibu, atakwenda kupasua kokoto, na ana watoto watano. Nikamwambia madema yake yamekula wazazi, sasa yanakula watoto, kesho yatakula mchanga.

Zuhura, mke wangu, alikuwa uani akipepeta mchele. Alisikia yote. Jioni wali ulikuja mkavu, bila mchuzi. Nimeelewa. Sibadilishi neno.

Jumamosi, 8 Septemba

Kuna jambo linanikera. Jana bahari ilitulia, Kombo akatega mwamba wa nje. Madema yale yale, matundu yale yale. Leo changu wanne tu ndio waliopungua rula. Waliobaki wakubwa, wanene.

Nikasema huko nje hawaendi wavuvi wengi, ndiyo maana. Akanijibu mbele ya watu: “Shemeji, wewe unapima samaki waliokwisha kufa. Ngoja bamvua, maji yakauke mwambani, uje upime nyumba yao.”

Wakacheka. Nitakwenda. Nitamshinda huko huko.

Jumapili, 16 Septemba

Bamvua. Maji yalikupwa mbali, tukatembea kwenye mwamba wa karibu mimi na Kombo, viatu vya raba miguuni. Upande wa kusini matumbawe yamesimama, tawi juu ya tawi, na katika kila dimbwi samaki wadogo kama kucha wanaingia na kutoka. Upande wa kaskazini hakuna kitu. Changarawe, mwani, mashimo yenye alama za mtarimbo. Nilichungulia dimbwi baada ya dimbwi hadi maji yakaanza kurudi. Sikuona hata kichangu kimoja.

Dema halivunji mwamba namna ile. Nikauliza nani kavunja. Kombo alinyoosha kidole ufukweni, kwenye nyumba yangu. Nyeupe pee. Kutoka baharini inaonekana kabla ya nyumba zote.

Jumatatu, 17 Septemba

Sikusahau, nilikuwa sitaki kukumbuka. Nilipojenga, fundi alitaka kupata chokaa kwa kuchoma mawe makuukuu yaliyochimbwa nchi kavu. Yangetosha. Nikamkatalia. Nilitaka matumbawe mabichi kutoka mwambani, kwa kuwa chokaa yake ni nyeupe zaidi. Mwaka mzima nikajisifu. Majirani wakaiga. Kisha zikaja nyumba za Wazungu, na tanuu la chokaa likawa haliwahi kupoa.

Mpumbavu mimi. Hasira ninazo tele, na safari hii sina wa kumrushia.

Lakini silali na hoja mbovu. Nimeiandika upya, ya kusema barazani. Dema la matundu membamba lina kosa, hilo silifuti. Rula haikusema uongo. Ila mwamba uliobomolewa hautazaa kitu hata madema yote yachomwe moto. Samaki mtoto akikosa pa kujificha, mkubwa atatoka wapi?

Jumatano, 19 Septemba

Baraza. Bwana Samaki aliisoma barua yangu ya kwanza kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Kombo mstari wa mbele, kofia mapajani, macho chini. Nikasimama kabla haijaisha.

“Barua ni yangu, na nusu yake ni makosa,” nikasema. “Aliyeanza kuvunja makao ya samaki ni mimi. Mkitafuta wa kuzuiwa, anzeni na mwenye nyumba ile nyeupe.”

Wakacheka. Mmoja akauliza kama basi nitaibomoa. Nikamwambia jiwe lililokwisha chomwa halirudi kuwa hai, tuyanusuru yaliyo hai. Nikaendelea nusu saa. Sijapata kusema vizuri hivyo maishani mwangu.

Madema hayakupigwa marufuku. Yatasukwa kwa matundu ya vidole vitatu, mtoto apite. Kuhusu kuvunja mwamba kwa mitarimbo, Bwana Samaki alisema nyumba za serikali zinahitaji chokaa, ataulizia. Nami nitamwandikia kila wiki mpaka ajute kujua kusoma.

Ijumaa, 21 Septemba

Baada ya sala Kombo amekuja kusuka dema uani kwangu. Rula ameichukua, anapimia nafasi za fito. Alisema changu mkubwa akiingia, ataleta.

Nilikaa nimeegemea ukuta. Nilipoinuka bega lilikuwa jeupe kwa chokaa. Zuhura alilipangusa kwa ncha ya kanga, kisha akaenda kuongeza mchele chunguni.