Jozi Moja, Zamu Mbili

Jumanne, tarehe 11. Kinyinya.

Na mimi ndiye niliyemwambia mara mbili afumbe macho.

Darasa la tatu lote lilikuwa limelala mikekani pekupeku, likivuta pumzi polepole, kama sisi walimu tulivyofundishwa kwenye semina ya yoga. Kengele ya kumaliza zamu ya asubuhi ilishalia, lakini walitulia vizuri mno, nikawaongezea muda. Aline peke yake alikuwa akitazama viatu mlangoni.

"Acha mawazo yapite, Aline."

"Ndiyo, mwalimu." Machozi yalikuwa yakimtoka.

Tulipomaliza alikamata viatu vyake mkononi, akakimbia hadi getini. Nikamfuata.

"Umechelewa, mwanangu," mlinzi akamwambia. "Dada yako nimemrudisha. Pekupeku haingii mtu, ndiyo amri niliyopewa. Wenzake wameshaanza mtihani."

Wanavaa jozi moja. Aline asubuhi, Divine mchana. Mwaka mzima nawafundisha kupumua, na hili sikulijua.

Aline hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kesho nibaki nyumbani, mwalimu, ili yeye awahi?"

Tukaenda kwao mbiombio, tumrudishe Divine mtihanini. Divine alikuwa anaosha sufuria, sare ameshaivua na kuikunja.