Maharage Hayaivi kwa Upepo

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako kang'oa kifungo cha koti la baba yake, kakitia mdomoni. Nikamwambia "tema," akanitazama kwa macho yako yale yale ya "nani kakuuliza," halafu akakitema ndani ya chai yangu. Ndiyo maana hapa wote wanamwita Kifungo. Mama yake anavishona kiwandani kutwa, yeye anaving'oa nyumbani.

Shikamoo, Mama, na Baba mpe shikamoo yake mkononi. Miguu bado inakuuma asubuhi? Na Baba, bado anapumzika mara mbili akipanda kutoka dukani? Sisi wazima, ila mafua ya Kifungo yanakwenda na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Mama, najua mlitutazamia mwezi huu mumwone mtoto. Hatutakuja. Kiwandani wamekataa kunipa ruhusa, kazi imejaa mpaka madirishani. Usilie. Na Baba mwambie asilie.

Lakini nina habari ya kukufurahisha. Nimenunua kikaangio cha hewa! Ni kidude cheusi, kinafanana na kichwa cha ng'ombe asiye na pembe. Unakichomeka kwenye umeme, ndani kina kikapu chenye matundu, kinapuliza upepo wa moto, chakula kinatoka kikavu kama kilichokaangwa, na mafuta hujamwaga. Msimamizi wetu anacho, yule tunayemwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Kila mchana alikuwa akituhadithia mpaka mate yanatutoka. Sasa na mimi nimo. Viazi, kuku, samaki, hata maharage, vyote humo humo! Jiko la gesi sijaliwasha wiki nzima. Ungeachana na kusimama juu ya karai mafuta yakikurukia mikono, Mama. Ungekuwa unakaa kitako tu.

Kifungo anakusalimu kwa kupiga meza.

Kitindamimba wako

*

Jumatano, tarehe 20 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara tatu: kwanza bila miwani, pili kwa miwani, tatu nikamsomea baba yako. Pale pa kutokuja nikaruka. Akasema, "Rudi nyuma, umeruka." Hakulia. Alitoka nje akaenda kuangalia paa, na paa letu halina neno.

Miguu inauma, ndiyo nijue bado ni yangu. Wa kuulizwa ni baba yako. Daktari kasema moyo wake umechoka, kamkataza vyakula vya mafuta. Na wewe unamjua, kisichokaangwa kwake ni adhabu. Juzi nimempa viazi vya kuchemsha, akauliza, "Mgonjwa ni nani hapa?" Nikamwambia, "Ni wewe." Akasema, "Basi nipe chakula cha mzima, nipone."

Kwa hiyo mashine yako hiyo imeniingia akilini haitoki. Nakuuliza wewe, kwa sababu wenye maduka wana midomo ya asali: kweli inafaa kwa upishi wa kila siku? Sisemi wa wageni. Wa kila siku, wa nyumba yetu hii ya watu saba.

Lile kopo langu la maziwa unalijua. Nimekuwa nikitia nauli humo kidogo kidogo, ili kama nyinyi hamji, basi nije mimi, nimpakate Kifungo kabla hajaanza kutembea akanikimbia. Kilichomo kinatosha safari au kinatosha mashine. Vyote viwili hapana. Ukisema inafaa, nanunua, na mjukuu atanisubiri. Baba yako kwanza. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Nijibu upesi.

Mama yako

*

Jumapili, tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Kifungo hajambo? Na baba yake, bado anapangwa lindo la asubuhi? Huu ni mwezi wa pili sijauona mwandiko wako. Kimya kingi kina mshindo, na wa kwako umefika mpaka huku.

Nilichoka kungoja, nikaenda dukani na kopo langu kwapani. Muuzaji, binti mpole tu, akanishushia mashine akanifungulia kikapu. Nikamwuliza, "Maharage yanachukua dakika ngapi humu?" Akanitazama. Akacheka mpaka akashika meza. "Mama yangu, humu maji yatapita matunduni yote. Maharage hayaivi kwa upepo!" Nikamwambia mwanangu anayapika. Waliokuwa nyuma yangu nao wakacheka. Nikasema, labda ya mwanangu ni ya aina nyingine. Nikachukua kopo langu nikatoka.

Sikuulizi kitu. Labda kweli ya kwako ni ya aina nyingine.

Baba yako ninampikia viazi kwenye sufuria iliyofunikwa, mafuta kijiko kimoja. Analalamika na sahani anaimaliza. Dada yako ameshajua kipimo, hata mimi nisipokuwepo atakula.

Ila mwanangu, ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe ulikuwa unakuja jikoni kuniambia, "Mama, leo jua ni kali." Nikisikia tu habari za jua, naenda kutafuta vipande. Safari hii sijui nivitafute wapi.

Mama yako

*

Jumapili, tarehe 26 Mei

Mama,

Kifungo kasimama! Sasa hivi. Kashika mguu wa meza, kauachia, kasimama pumzi mbili, kaketi. Nikapiga makofi, halafu mikono ikanishuka yenyewe, maana makofi yale yalikuwa yako.

Shikamoo, Mama. Shikamoo kwa Baba. Sisi hatuumwi, ila mimi sina raha tangu barua yako ifike.

Mama, leo jua ni kali. Vipande hivi hapa.

Hakuna aliyeninyima ruhusa. Nilipewa siku kumi, na nauli tulikuwa nayo. Wiki ile ile Mama Futi akaleta kuku wa kikaangio chake, akawa anawagawia wenzangu mezani. Alipofika kwangu akanusa, akasema, "Mwenzetu bado uko na karai. Unanukia kibanda cha chipsi!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikalivua gauni nikalinusa. Harufu ile ndiyo iliyonilea, Mama. Ni ya kanga zako. Nikaionea haya. Nikamsumbua baba Kifungo siku tatu, mpaka akasema, "Haya, nauli hiyo nunua kidude chako. Lakini mama yako utamwambia wewe." Nikakuandikia habari za madirisha kujaa kazi.

Sasa sikia ujinga wangu. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na herufi kama mayai ya chawa, na kumwuliza Mama Futi nikaona nitachekwa tena. Nikajisemea, kukaanga ni kukaanga. Nikamimina mafuta vikombe viwili ndani ya kikapu! Yakapita matunduni yakatuama chini, yakapata moto, moshi ukajaa, umeme ukakatika nyumba nzima, na jirani wa juu anapiga kelele, "Nani anachoma tairi?" Nilikaa sakafuni na Kifungo mgongoni, nikalia. Ile barua ya sifa nimeiandika siku ya pili yake, kidude kiko kwa fundi. Nilikuwa sijala humo hata kiazi kimoja.

Wiki zote hizi sikukaa bure. Naandika "kinafaa," nachana. Naandika "hakifai," nachana. Nikisema hakifai utaniuliza mbona ulikisifu, na jibu lake ni kwamba nilikichagua kile nikauacha uso wako. Ukaenda kuchekwa dukani kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Swali lako nalijibu leo, na ni kweli tupu. Fundi alikisafisha, kinafanya kazi, ila kinakoroma kama Baba. Vipande vinne vya kuku vinatoka vizuri. Viazi vilivyolala vinapata uhai tena. Mafuta ni kijiko kimoja, kwa hiyo kwa moyo wa Baba hakina ubaya, lakini sufuria yako ya kufunika inafanya kazi hiyo hiyo. Kikapu chenyewe ni kama kofia. Kwa watu saba mtakula kwa zamu, wa mwisho akianza wa kwanza ana njaa tena. Hakichemshi, hakipiki wali, na hapa kwetu siku tano katika wiki ni maharage. Jiko la gesi sijaacha kuliwasha hata siku moja. Kwetu sisi ni kitu cha Jumamosi. Usikinunue kwa pesa ya kopo lile, Mama, nakuomba.

Niwie radhi. Baba Kifungo kasema mwezi wa nane atapata ruhusa, na safari hii nauli anaishika yeye, na ana haki. Tutakuja wote watatu. Kama utakuwa bado unataka kuniona, mimi nitapiga magoti kuanzia getini, wewe

Ngoja, Mama, jirani wa chini ananiita kwa sauti ya kuvunja ukuta. "Mama Kifungo! Shuka! Kuna mama mtu mzima hapa, kakaa kwenye ngazi na kopo la maziwa tupu, miguu inamuuma, anauliza kama huko kwako jua ni kali!"

Mama, na mimi bado sijamaliza kukuandikia kwamba